Mama kavunjika nyonga, hataki kula: hili kopo la maziwa ya virutubisho linasaidia kweli?

#1 Kitindamimba
Wakuu, heshima kwenu. Namuuguza mama, ana miaka 81. Aliteleza akitoka bafuni, shingo ya paja ikakatika. Alifanyiwa upasuaji kesho yake, na leo ni siku ya 19. Kidonda kimekauka vizuri. Kinachoninyima usingizi ni chakula. Kabla ya kuanguka alikuwa na kilo 51, juzi tumempima ana 46.

Siku ya kuruhusiwa tuliandikiwa maziwa ya unga ya virutubisho, glasi mbili kwa siku. Asubuhi anakunywa nusu glasi. Ya jioni inakaa kwenye stuli pembeni ya kitanda mpaka inaota utando juu, halafu naimwaga. Nyumbani tumegawanyika. Kaka anasema hiyo ni biashara ya watu, tumpe chakula cha kawaida tu. Dada anasema bila lile kopo mfupa hauungi. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja na sijui nimsikilize nani.

Swali langu: kuna ushahidi kwamba lishe hizi za nyongeza zinamsaidia mzee aliyevunjika nyonga? Au najisumbua na kumsumbua bure?

#2 NguvuKazi
Pole sana. Achana na hayo maziwa, mengi ni sukari. Tafuta protini ya whey (ile ya maji ya maziwa), changanya na kolajeni (protini ya ngozi na mifupa ya wanyama) kwa ajili ya mfupa, ongeza na kreatini (ule unga wa nguvu wa wanamichezo). Akianza kupata nguvu mpe mazoezi ya kubeba uzito kidogo kidogo. Mimi natumia mwaka wa nne huu na mwili unaitika.

#3 BiMkubwa3
NguvuKazi mwanangu, mama wa watu ana miaka 81 na kilo 46, wewe unataka kumpeleka akabebe vyuma!

Kitindamimba, pole. Nilimuuguza mume wangu kwa jambo hilihili. Nitarudi nikueleze, kuna kitu tulichelewa sana kukigundua.

#4 HesabuKali
Ushahidi upo, ila si wa kutamba nao.

Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 41 yenye jumla ya wagonjwa 3,881 wa aina ya mama yako, toleo la 2016. Walichokiona ni kwamba lishe ya nyongeza ya kunywa, ikianza kabla ya upasuaji au muda mfupi baada yake, huenda inapunguza matatizo ndani ya miezi 12 ya kwanza. Vifo haikuonekana wazi kuvipunguza. Majaribio mengi yalikuwa na kasoro, kwa hiyo ushahidi wenyewe waliupa daraja la chini.

Jaribio linalotajwa sana ni la Geneva, lilichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1990. Wagonjwa 59 tu, wastani wa umri miaka 82. Kundi moja lilipewa kila siku kinywaji cha mililita 250 chenye protini gramu 20 na kalori 254, kwa muda wa kama mwezi hivi. Waliopewa walikaa hospitali siku 24, wasiopewa siku 40. Miezi sita baadaye, waliopata matatizo au kufariki walikuwa asilimia 40 kwa waliopewa na asilimia 74 kwa wasiopewa. Tofauti kubwa mno, lakini watu 59 ni wachache, na majaribio yaliyofuata hayakuirudia kwa ukubwa huo.

Sasa geuza kopo lako usome nyuma. Glasi moja ina protini gramu ngapi?

#5 Kitindamimba
Nimegeuza. Gramu 9 kwa glasi. Sukari ipo nyingi kweli kama NguvuKazi alivyosema.

#6 HesabuKali
Basi nusu glasi ni gramu 4 na nusu. Wale wa Geneva walipata zaidi ya mara nne ya hiyo kila siku. Kaka akisema kopo halifanyi kazi, na dada akisema linafanya kazi, wote wawili wanabishania kitu ambacho mama hajakipata bado.

#7 KiungoMchezaji
Kabla hatujaenda mbali, swali moja. Mama alipigwa vyuma ili mfupa uungane, au kichwa cha paja kilitolewa akawekewa cha bandia? Hiyo hoja ya dada kwamba "mfupa hauungi" inategemea hapo.

#8 Kitindamimba
Karatasi inasema nusu nyonga bandia. Kichwa cha mfupa kilitolewa.

#9 KiungoMchezaji
Kumbe. Basi kwenye nyonga hiyo hakuna ufa unaosubiri kuungana. Kinachopotea sasa ni msuli. Kuna jaribio la 2007 lililochapishwa JAMA, jarida la madaktari wa Marekani: wazee wenye afya zao, hawana jeraha lolote, walilazwa kitandani siku 10 tu. Kila mmoja kwa wastani alipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Na hao walikuwa wanakula kiasi cha protini kinachopendekezwa. Mama ana jeraha, ana upasuaji, na chakula hali. Zile kilo tano usizitafute mbali.

Na BiMkubwa3, shikamoo, lakini hapo kwenye vyuma NguvuKazi hajakosea. Mazoezi ya kusukuma dhidi ya uzito ni mojawapo ya yanayowafaa wagonjwa hawa, kwa kipimo chao. Kuinuka kwenye kiti na kukaa, mara tano, mkono ukiwa kwenye meza. Huo tayari ni uzito. Protini bila mguu kufanya kazi haijui iende wapi.

#10 BiMkubwa3
Marahaba. Nimekubali kufundishwa. NguvuKazi nisamehe mwanangu.

Sasa niseme langu. Mume wangu aligoma kula wiki tatu. Tulimnunulia kila aina ya kopo, watoto wakaleta la chokoleti, la vanila, la ndizi. Siku moja namwosha meno ya bandia nikaona ufizi wa chini umechubuka, kidonda kirefu kama ukucha. Alikuwa amekonda mpaka meno yanacheza mdomoni. Kila anachotafuna kinamkata. Na hakusema, kwa sababu alikuwa ameshatusumbua vya kutosha, ndivyo alivyoniambia baadaye. Meno yalipokazwa upya alimaliza sahani siku ileile. Makopo matatu yalibaki kabatini mpaka yakaisha muda.

Mchungulie mama mdomoni kwa tochi.

#11 ZamuYaUsiku
Mimi ni muuguzi, wodi ya mifupa. Alichosema BiMkubwa3 nakikuta kila wiki. Kabla ya kuuliza kopo gani, uliza kwa nini hali. Angalia haya: maumivu (mpe dawa nusu saa kabla ya chakula, usisubiri alie). Choo, maana dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinafunga tumbo, na mtu mwenye tumbo lililojaa siku nne hawezi kuona njaa. Kukohoa wakati wa kunywa au sauti kuwa kama ya mtu mwenye maji kooni. Hiyo ni dalili kwamba kinywaji kinaelekea kwenye mapafu na lazima apimwe kumeza kabla hujamwongezea chochote. Kuchanganyikiwa jioni. Na huzuni, ambayo kwa wazee inajificha kwenye "nimeshiba".

Jingine la hatari. Kama kuna siku tano au zaidi amekula karibu na hakuna, usikurupuke kumjaza kalori nyingi kwa mpigo. Mwili uliozoea njaa ukipata chakula kingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kuyumba. Tunaanza kidogo, tunapima damu, na vitamini B1 inatangulia. Hili liulizwe hospitali.

#12 MkobaWaLishe
Nashughulika na lishe ya wagonjwa, niongeze hesabu aliyoianza HesabuKali.

Mwongozo wa ESPEN (jumuiya ya Ulaya ya lishe ya wagonjwa) wa 2019 kwa wazee unasema kwa kukadiria kalori 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini isipungue gramu 1 kwa kilo. Mzee aliye mgonjwa au anayepona jeraha, wataalamu wengi wanapandisha iwe gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa kilo 46 za mama: kalori 1,380, protini gramu 55 hadi 69. Mwongozo huohuo unasema lishe ya nyongeza ya kunywa itoe angalau kalori 400 na protini gramu 30 kwa siku, na iendelee mwezi mmoja au zaidi ndipo ipimwe kama imesaidia. Kopo lako la gramu 9 kwa glasi, hata akimaliza glasi zote mbili, ni 18. Kwa hiyo uliza kama kuna lenye protini nyingi zaidi. Haya ni maandalizi ya aina tofauti hata kama makopo yanafanana.

Namna ya kumpa ina uzito kuliko jina la kopo. Glasi nzima mbele ya mtu asiye na hamu ni mlima. Igawe: mililita 60, kama kikombe kidogo cha dawa, mara nne au tano kwa siku, wakati uleule anapomeza vidonge vyake visivyokatazwa kuchanganywa na maziwa. Kiwe cha baridi, baridi inapunguza ile ladha ya vitamini. Usimpe dakika kumi kabla ya mlo, utamshibisha.

Na chakula chake chenyewe kitiwe nguvu bila kuongeza ujazo. Panapowekwa maji weka maziwa. Ndani ya maziwa koroga maziwa ya unga ya kawaida. Yai moja ni protini gramu 6 hivi, glasi ya maziwa ni kama 8. Mafuta kijiko kimoja kwenye supu hayaonekani wala hayasikiki. Kaka yako hajapotea njia, ila chakula "cha kawaida" kwa tumbo la vijiko vinne hakitoshi mpaka kifanyiwe kazi.

Angalizo: figo. Kama mama ana ugonjwa mkubwa wa figo na hafanyiwi usafishaji wa damu, hesabu yote hii inabadilika. Muulize daktari wake kwanza.

#13 NguvuKazi
BiMkubwa3, wala sijakasirika mama yangu.

MkobaWaLishe, hujasema kitu kuhusu whey na kolajeni. Ni nzuri au si nzuri?

#14 MkobaWaLishe
Whey ni protini nzuri sana. Ina lusini nyingi, hicho ni kipande kimoja cha protini, na lusini ndiyo inayouambia msuli uanze kujijenga. Msuli wa mzee umekuwa mzito wa kusikia, unahitaji sauti kubwa zaidi, ndiyo maana wengi wanapendekeza gramu 25 hadi 30 za protini kwenye mlo mmoja badala ya kuzisambaza kidogokidogo.

Kolajeni ni hadithi nyingine. Inakosa kabisa triptofani, kipande kingine cha protini ambacho mwili unakihitaji, na lusini yake ni ndogo. Ukimpa mtu asiyekula kitu kingine umempa tofali bila saruji. Kreatini mimi nisingempa mgonjwa wa umri huu nyumbani bila daktari kujua figo zake.

#15 HesabuKali
MkobaWaLishe, hapo unajipinga. Kwenye #12 umesema mililita 60 mara tano, hapa unasema gramu 25 hadi 30 kwa mkupuo. Ipi?

#16 MkobaWaLishe
Umenishika. Ya mkupuo ni nzuri kwa msuli, ya kidogokidogo ndiyo inayoingia. Kwa mtu anayekula sahani, naenda na mkupuo. Kwa mama wa Kitindamimba leo, mililita 60. Gramu 30 zilizomwagwa hazijengi kitu.

#17 MjukuuMkaidi
Wakuu mnazunguka. Bibi yetu alipigwa sindano moja kubwa ya vitamini D, ya mwaka mzima, mambo yakaisha. Mzee hatoki nje, jua hapati, mfupa utakuwaje imara? Tatizo liko hapo, siyo kwenye maziwa.

#18 DawaNaMaji
MjukuuMkaidi, hiyo ya dozi ya mwaka mzima iwekwe pembeni. Ilijaribiwa Australia kwa wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi, yuniti 500,000 kwa mara moja kila mwaka. Matokeo yalitoka JAMA 2010: waliopewa walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Vitamini D haina ubaya, dozi ile ndiyo mbaya. Ya kila siku, yuniti 800 hivi, ndiyo inayotumika.

Nikiwa hapa, Kitindamimba, mama anatumia dawa gani nyingine? Kalsiamu na madini ya chuma huzuia dawa ya tezi ya shingo isifyonzwe, ziachane kwa muda wa masaa manne. Kama ameandikiwa kidonge cha mifupa cha kila wiki, ni asubuhi tumbo tupu, na maji matupu, asilale kwa nusu saa. Akikinywa na hayo maziwa amekitupa. Na kama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), makopo mengi yana vitamini K, kwa hiyo kuanza au kuacha ghafla kunabadilisha wepesi wa damu. Wamwambie anayempima.

#19 Kitindamimba
Anatumia ya presha na ya tezi ya shingo. Ya tezi nimekuwa nikimpa asubuhi na hayo maziwa, kwa pamoja. Hakuna aliyeniambia. Asante sana, umenishtua.

#20 DawaNaMaji
Usijilaumu. Anza kesho: ya tezi akiamka, na maji. Ukienda kliniki waambie muda gani zilichanganyika ili wapime upya kabla ya kubadilisha dozi. Na hiyo tezi ikiwa chini inaleta uchovu na kukosa choo, ambayo inaturudisha kwenye orodha ya ZamuYaUsiku.

#21 MjukuuMkaidi
Sawa, dozi ya mwaka nimeiacha. Lakini vitamini D na kalsiamu za kila siku zimethibitishwa, Ufaransa.

#22 HesabuKali
Kweli. Lyon, 1992: wanawake 3,270 kwenye nyumba za wazee, wastani wa miaka 84, gramu 1.2 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku. Baada ya miezi 18 nyonga zilizovunjika zilikuwa pungufu kwa asilimia 43.

Lakini wale walikuwa hawajavunjika. Kwa waliokwisha kuvunjika kuna jaribio la Uingereza, RECORD, la 2005, wazee 5,292 wa miaka 70 na zaidi. Kalsiamu, vitamini D, au zote mbili, hazikuzuia mvunjiko wa pili. Wanaotetea vidonge wanasema wengi wa RECORD waliacha kuvimeza njiani, na wale wa Lyon walikuwa watu wa ndani wenye upungufu mkubwa tangu mwanzo. Wanaopinga wanasema hiyo ni kutafuta sababu baada ya mechi. Mimi binafsi naona mama wa miaka 81 asiyetoka nje anafanana zaidi na wa Lyon, lakini hiyo ni hisia yangu.

#23 MzeeWaBusati
Nimekuwa nasoma tu. Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Miaka 77, nyonga ya kulia, mwaka wa pili sasa, natembea na fimbo moja.

Niwaambie upande wa kitandani. Baada ya upasuaji kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Maziwa yale yalikuwa yanaacha ngozi kwenye ulimi, ukimeza mate unaisikia mpaka jioni. Binti yangu alikuwa anaiweka glasi, anasema "baba unywe", anaondoka. Ameondoka kwa sababu ana kazi, simlaumu. Mimi naiangalia. Kuikamata kunataka nijiinue, kujiinua kunauma, basi naiacha. Akirudi anaona nimegoma.

Aliyenibadilisha ni mjukuu wa miaka tisa. Alikuwa anakuja na kiti chake, anakaa, na yeye ana kikombe chake. Anakunywa funda, ananitazama. Nikinywa, na yeye anakunywa. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na aibu ya kumwachia mtoto anywe peke yake.

#24 BiMkubwa3
Mzee umenitoa machozi.

#25 ZamuYaUsiku
MzeeWaBusati, shikamoo. Ulichosema kina jaribio lake. Cardiff, 2006, wanawake zaidi ya 300 wenye nyonga zilizovunjika. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa wasaidizi wa lishe wodini: watu wa kukaa na mgonjwa, kumfungulia kifuniko, kumuuliza anapenda nini, kumkumbusha, kumlisha inapobidi. Waliofariki wakiwa wodini walikuwa asilimia 10.1 kwa kundi la kawaida, na 4.1 kwa waliokuwa na wasaidizi. Kwa miezi minne, 22.9 dhidi ya 13.1. Hawa wasaidizi hawakuwa na dawa mpya mkononi.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: kinachotibu ni mtu aliye kwenye kiti.

#26 HesabuKali
ZamuYaUsiku, polepole. Wasaidizi wale kazi yao mojawapo ilikuwa kuhakikisha lishe ya nyongeza inanyweka. Kundi lao lilipata kalori 1,105 kwa siku, lile jingine 756. Sasa ni mtu au ni kalori? Jaribio hilo haliwezi kututenganishia. Ukisema ni mtu, mimi nasema mtu alikuwa ndiyo njia ya kopo kuingia.

#27 ZamuYaUsiku
Na mimi nasema bila mtu kopo lilikuwepo wodini na halikuingia. Wewe unahesabu kilichoingia mdomoni, mimi nakueleza kwa nini kiliingia.

#28 KiungoMchezaji
Na mnasahau kwamba mtu anayekaa na mgonjwa humwinua akae. Akikaa mapafu yanafunguka, anameza vizuri, nimonia inakwepeka. Huenda ni kukaa wima tu.

#29 MjukuuMkaidi
Nimeongea na shangazi kuhusu uzi huu. Anasema albumini ya bibi ilikuwa chini sana, wakasema protini imeisha mwilini. Si awekewe tu dripu ya albumini huyo mama?

#30 MkobaWaLishe
Hapana. Albumini hushuka mwili unapopambana na jeraha, upasuaji au maambukizi, hata kwa mtu aliyeshiba. Zamani tuliitumia kama kipimo cha lishe, sasa tumeiacha kwa kazi hiyo. Ikiwa chini inatuambia mgonjwa ana hali nzito. Haituambii amekula nini. Mzani, mzingo wa mkono wa juu na daftari la anachokula vinakuambia zaidi. Kitindamimba, una daftari?

#31 Kitindamimba
Sina. Naanza leo.

#32 DawaNaMaji
Kuna moja haijaguswa humu na mimi naiona kubwa kuliko kopo. Aliyevunjika nyonga kwa kuteleza tu, mifupa yake ni dhaifu, na ya pili inakuja. Amepewa dawa ya mifupa yenyewe? Jaribio la HORIZON, 2007, wagonjwa 2,127 waliofanyiwa upasuaji wa nyonga: asidi ya zoledroni, dripu moja kwa mwaka, ilipunguza mvunjiko mpya kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Lishe haijaonyesha kitu cha namna hiyo kwenye jaribio la ukubwa huo. Haiwafai wenye figo dhaifu sana, na vitamini D na kalsiamu viwekwe sawa kwanza. Tunabishana kuhusu maziwa wakati dawa yenye ushahidi haijaandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa.

#33 MkobaWaLishe
Nakubali iulizwe. Ila usiiweke kana kwamba moja inafuta nyingine. Kuna jaribio la Geneva tena, la 1998, wagonjwa 82: gramu 20 za protini, siku tano kwa wiki, miezi sita, wote wakiwa wamepewa vitamini D mwanzoni. Waliopata protini walipoteza mfupa kidogo zaidi... naomba nirekebishe, nimeandika vibaya: walipoteza mfupa wa paja KIDOGO kuliko wenzao, na walitoka mapema kwenye kituo cha kurejesha viungo. Dawa yako inafanya kazi kwa mtu mwenye nguvu ya kufika kliniki kuichomwa.

#34 NguvuKazi
Kwa hiyo protini, meno, choo, mtu wa kukaa naye, kuinuka kwenye kiti, dripu ya mifupa, vitamini D. Kitindamimba ashike lipi kwanza? Ana mikono miwili tu.

#35 BiMkubwa3
Meno. Tochi ni ya dakika moja.

#36 ZamuYaUsiku
Choo, halafu meno.

#37 Kitindamimba
Nimerudi wakuu, leo ni siku ya 27. Samahani kwa kimya.

BiMkubwa3, mdomoni kulikuwa sawa, meno yake mwenyewe machache yaliyobaki hayana shida. Ila choo, ZamuYaUsiku ulipiga palepale. Ilikuwa siku ya tano na hakuniambia. Alipewa dawa ya kulainisha, tumbo likafunguka, na siku iliyofuata aliuliza mwenyewe kuna nini cha kula. Ya tezi nimeitenga. Tumepata kopo lenye protini gramu 15 kwa glasi, nalitoa kwa mililita 60, la baridi, na kila nikimpa nakaa na kikombe changu kama mjukuu wa MzeeWaBusati. Anainuka kwenye kiti mara nne, ya tano anagoma.

Mzani leo: 46.3.

Kaka anasema unaona, ni choo tu, kopo halikuhusika. Dada anasema ni kopo jipya. Sina cha kuwaambia.

#38 HesabuKali
Hongera kwa kazi hiyo. Gramu 300 ndani ya siku chache inaweza kuwa maji, nguo au mzani wenyewe. Mpime asubuhi, nguo zilezile, mara moja kwa wiki, tuone wiki nne. Na umebadilisha vitu vitano kwa wakati mmoja, kwa hiyo kaka na dada wanaweza kubishana hadi mwakani.

#39 KiungoMchezaji
Ile ya tano asigome. Mwekee mto kwenye kiti kiwe juu kidogo, ataimaliza. Wiki ijayo uutoe.

#40 MzeeWaBusati
Msalimie mama. Mwambie ile ladha ya sarafu huwa inaondoka. Kwangu iliondoka kama mwezi wa pili, niliijua siku nilipolalamika kwamba supu haina chumvi.

#41 Kitindamimba
Nimemsomea, mzee wangu. Amecheka, akasema kumbe si yeye peke yake.

Daftari la leo mstari wa mwisho: saa 10 jioni, mililita 60, kamaliza, kaomba kijiko cha kukwangulia chini. ZamuYaUsiku, kliniki ni Jumatano. Kuhusu hiyo dripu ya mifupa, kipimo cha figo nikiombe siku hiyohiyo au kinahitaji kutangulia?